Siku ya utamaduni shuleni bila mzazi kutoa hela ya kitenge, nisaidieni mawazo

Mwl_TatuB

Habari za jioni wadau. Mimi ni mwalimu shule ya msingi ya serikali huku Morogoro vijijini, mwaka huu mwalimu mkuu kanikabidhi kamati ya sherehe, maana yake siku ya mtoto wa Afrika, siku ya utamaduni, mahafali ya la saba, vyote vinapita mikononi kwangu. Mahafali nayaweza. Kinachoninyima usingizi ni siku ya utamaduni, tumeipanga mwezi wa 7 shule zikishafunguliwa na sitaki kabisaa irudi ile ya mwaka jana.

Mwaka jana kamati iliyokuwepo ilikaa na wazazi wachache wenye uwezo wakakubaliana kitenge cha aina moja, fundi mmoja pale gulioni ashone, 15,000 kwa mtoto. Ikasemwa ni hiari, sasa hiari gani wakati asiye na kitenge haingii kwenye ngoma? Shule ina watoto 600 na kitu, waliovaa hawakufika 80, wengine wote wakageuka watazamaji kwenye sherehe yao wenyewe, wamebanana kwenye madirisha ya madarasa wanachungulia wenzao. Nilikuwa na binti mmoja darasani kwangu, huyo mtoto akicheza hata wapishi wa uji wanaacha mwiko wanakuja kumwangalia, na ndiye aliyewafundisha wenzake hatua wiki 3 nzima za mazoezi, siku yenyewe akatolewa mstarini kwa sababu kaja na sare ya shule. Hakulia. Alikaa pembeni akawa anawahesabia wenzake hatua kwa mdomo, moja mbili tatu geuka, mpaka ngoma ikaisha. Na mimi nilikuwepo pale nikanyamaza kwa kuogopa kuharibu shughuli mbele ya wageni, hilo najilaumu mpaka leo.

Sasa naomba mawazo, hasa walimu na wazazi mliowahi kusimamia vitu hivi. Kwanza nafanyaje mtoto yeyote ashiriki bila nyumbani kutoka hata 100, maana tangu elimu bila ada ianze Januari 2016 wazazi wakisikia neno mchango simu inapigwa kwa mtendaji wa kijiji kabla hata hujamaliza kikao, na siwalaumu. Pili, mkuu anataka kila darasa lionyeshe kabila moja, Waluguru, Wakaguru, Wasukuma, Wamaasai, ila mimi nasita kidogo kwa sababu tuna watoto wa wafugaji na kila mwaka wanaambiwa hivyo hivyo, njooni na shuka mruke, basi, kama vile hawana kingine. Tatu tarehe, nilitaka iendane na siku ya Kiswahili ila 7 Julai ni Sabasaba, hakuna shule. Nisaidieni.

Mstaafu_wa_Chaki

Mwanangu pole, na usijilaumu sana, umeuliza na hilo ni jambo kubwa. Nimefundisha shule za msingi miaka 36, Ruvuma, Lindi, nikamalizia Pwani, na ngoma na halaiki ndio ilikuwa kazi yangu ya jioni.

Nikwambie kitu kimoja, tatizo lenu lilianza pale vazi lilipotangulia ngoma. Zamani sisi tukiandaa halaiki ya Muungano 26 Aprili au mwenge ukipita kijijini, watoto 200 wanavaa sare zao za shule zile zile, kaptula na sketi, wengine pekupeku, ila kila mmoja ana kitu mkononi alichotengeneza mwenyewe, ua la karatasi, kijiti kilichozungushiwa magome ya mgomba, kuti. Ukitazama kwa mbali unaona rangi moja inapepea uwanja mzima, hakuna anayeona kaptula ya nani ina kiraka. Hiyo ndiyo siri ya halaiki, wingi wenyewe ndio pambo.

Kwa ngoma fanya hivi. Kusanya vizibo vya soda, vingi, anza sasa hivi. Vizibo vinapondwa kwa nyundo au jiwe viwe bapa, zile kingo zenye meno unazikunjia ndani kabla ya kuponda zisimkate mtoto, unatoboa katikati kwa msumari, unapitisha waya ule wa kufungia nondo, vizibo 4 au 5 kwa kila kipande cha waya, halafu unafunga vipande hivyo kwenye mkanda wa mpira wa tyubu ya baiskeli iliyochakaa. Hiyo ni njuga, mtoto anafunga mguuni. Watoto 60 wakikanyaga chini kwa pamoja na njuga za vizibo, mwanangu, utasikia mwenyewe. Manyanga ni makopo na mbegu au vikokoto tu. Sketi za ngoma unatengeneza kwa majani ya mgomba yaliyokauka, unayachana na kuyafunga kwenye kamba, Morogoro hamkosi migomba. Au viroba vilivyokwisha, unavichambua nyuzi zake zinaning'inia vizuri. Yote hii inafanyika kwenye vipindi vya stadi za kazi, mtoto anajifunza na vazi linapatikana, na asiye na kitu nyumbani anakuwa sawa na mwenye nacho kwa sababu vazi limezaliwa shuleni.

Ngoma zenyewe usinunue, nenda kwa wazee, omba kwa heshima, na mwenye ngoma mualike aje apige yeye. Mzee mmoja anayejua mdundo anawafundisha watoto ndani ya siku 2 kile ambacho mwalimu hawezi ndani ya mwezi.

Na nakusihi, usikodi spika. Najua watu watataka DJ na singeli kati kati, watoto wanapenda na sina ugomvi na singeli, lakini spika ikishawashwa ngoma imekufa, hakuna mtoto atakayesikia mguu wake. MC asimame juu ya meza aseme kwa sauti yake.

La mwisho, anza saa 2 asubuhi na saa 5 muwe mmemaliza. Uwanja umwagiwe maji mapema vumbi litulie. Na kama mna watoto wenye ualbino usiwaweke juani kwa ajili ya mpangilio kupendeza, kivuli kitafutwe kwanza ndipo uwanja upangwe, kofia pana na shati la mikono mirefu zitafutwe, hili nalisema kwa sababu nimeona mtoto ameunguzwa shingo kwa saa 3 tu za mazoezi.

MamaZai_Kisauni

Mwalimu mimi ni mzazi tu, niko Mombasa, lakini nimeguswa na huyo binti mpaka nimemsomea mume wangu kwa sauti.

Huku kwetu ilikuja siku ya kazi, yaani mtoto avae kama anavyotaka kuwa akikua. Tangu mtaala wa CBC uanze kwa madarasa ya chini 2019 mambo ya mzazi kuleta vitu shuleni yameongezeka, leo katoni, kesho rangi, mwingine analeta mwingine hana. Siku hiyo ya kazi ujumbe ukaja kwenye grupu la WhatsApp usiku, koti jeupe la daktari, kofia ya rubani, na kesho yake asubuhi ndio siku. Mwenye duka lake la nguo alikodisha makoti yale kwa bei ya kukata roho. Mwanangu akasema anataka kuwa mvuvi kama babu yake, nikafurahi kwa sababu kofia ya ukindu na wavu tulikuwa navyo. Kumbe pale shuleni kulikuwa na mstari wa mbele wa madaktari na marubani kwa ajili ya picha, na wavuvi, mafundi, mama mboga wakapangwa nyuma. Mtoto alirudi akaniuliza, mama, kwani babu si kazi? Mwalimu, hilo swali sikuwa na jibu lake haraka.

Kwa hiyo hilo lako la makabila, naomba usikubali kila darasa livishwe kabila. Sisi Kenya tunajua vizuri kabila likipigiwa mstari sana linaweza kutufikisha wapi, zile ghasia za uchaguzi za 2007 kwenda 2008 hazijawa mbali. Na pia kuna watoto baba huku mama kule, mwingine kalelewa na nyanya yake hajui kabila lake ni lipi, unamsimamisha wapi? Badala ya kabila weka nyumba. Kila mtoto aulize nyumbani kitu kimoja tu, babu au bibi alipokuwa mdogo alicheza mchezo gani, au aliimbiwa nini akilazwa, au neno gani wanalo kwao ambalo mwalimu halijui. Hapo mtoto wa mfugaji hataleta kuruka, ataleta jina la ng'ombe na rangi zake na jinsi ya kumjua ng'ombe wako kati ya 300, na hilo mtoto wa mkulima hajawahi kulisikia.

Mstaafu_wa_Chaki

Mama Zai nakusikia na hapo kwenye shuka na kuruka nakubaliana na wewe. Ila tusiyafute makabila kabisa dada yangu. Sindimba ni ya Wamakonde, bugobogobo ni ya Wasukuma na majembe yao, lizombe ni ya Wangoni, mtoto akiijua ngoma bila kujua imetoka kwa nani amejua nusu. Sisi tuliwafundisha watoto wa Lindi bugobogobo na watoto wa Ruvuma mdundiko, yaani kila mmoja acheze ya mwenzake, na haikumgawa mtu. Mwalimu ukiweza changanya hivyo, darasa zima licheze ngoma ambayo si ya huko kwao, na mtoto mwenye asili ya huko awe mwalimu wao.

MamaZai_Kisauni

Hapo sawa mwalimu, mtoto kuwa mwalimu wa ngoma ya kwao, hilo nalikubali kwa mikono miwili.

Kijana_wa_Kilosa

Samahanini, mimi nitatofautiana kidogo na naomba msinielewe vibaya. Shule ninayoijua mimi watoto wanakaa chini, darasa moja 110, mtoto wa la tatu hajui kusoma sentensi, halafu wiki 3 za mazoezi ya ngoma? Hizo jioni si bora mngekaa na wasiojua kusoma? Mimi mdogo wangu kafika la tano anasoma kwa kubabaisha, sherehe kaziona nyingi sana.

Mwl_TatuB

Kijana umesema kweli na inaniuma kwa sababu hata kwangu wapo wasiojua kusoma, ninao 23 kati ya 96. Lakini nikuambie nilichokiona kwa macho yangu, siku za mazoezi utoro unashuka, wale wanaokimbilia mashambani na mnadani wanakuja, na yule binti niliyemsema alikuwa hasomi vizuri, alianza kusoma kwa sababu alitaka kuandika mpangilio wa hatua kwenye daftari asisahau. Sitaki kuitumia siku ya utamaduni badala ya kusoma. Nataka nione kama naweza kukutanisha hivyo viwili, na kama una wazo kwenye hilo nipe.

BintiSkuli_Unguja

Assalam alaykum jamani. Mie nnasomesha skuli ya msingi Unguja na nadhani jawabu la kaka wa Kilosa liko kwenye hiyo siku ya Kiswahili yenyewe.

Kwanza tarehe. UNESCO waliitangaza 7 Julai kuwa siku ya Kiswahili duniani mwezi wa Novemba 2021, ikaanza kuadhimishwa 2022, na siku yenyewe imetokana na TANU kuasisiwa 7 Julai 1954, ndo mana inagongana na Sabasaba. Hakuna lazima ya kushika siku ile ile. Fanya Ijumaa ya wiki ya pili baada ya kufungua, muhimu watoto wawepo. Ile ya mtoto wa Afrika 16 Juni nayo mara nyingi inawakuta huko bara likizo, kwa hiyo unaweza kuziunganisha zote mbili na zinaungana kwa kweli, kwa sababu wale watoto wa Soweto 1976 waliandamana hawataki kusomeshwa kwa Kiafrikana, ilikuwa ni habari ya lugha. Waeleze wanafunzi wako hivyo, watoto wenzao walipigwa risasi kwa ajili ya lugha ya darasani. Wangu wa darasa la nne walinyamaza kimya, halafu mmoja akauliza, na mwalimu wao alikuwa wapi?

Sasa kusoma. Sie tunafanya uwanja wa vitendawili na hadithi. Kila mtoto anakwenda kwa mtu mzima mmoja, bibi, jirani, muuza samaki, anarudi na kitendawili kimoja au hadithi fupi moja, anaiandika kwa mkono wake. Asiyejua kuandika anamwambia mwenzake amwandikie, kisha anainakili mwenyewe, na kuinakili kitu ulichokileta wewe si sawa na kunakili ubaoni, mtoto anajua kila neno linasema nini kabla hajalisoma. Ndani ya wiki 2 unapata karatasi 90 za kusomea ambazo hazikununuliwa duka lolote. Siku yenyewe darasa moja linasimama huku jengine kule, kitendawili! tega! anaeshindwa anatoa mji. Na ufunguzi wa hadithi uwache kila mtoto aseme wa kwao. Sie huku ni paukwa, pakawa, nyie wengi bara ni hadithi hadithi, hadithi njoo uongo njoo utamu kolea. Nna mtoto aliehamia kutoka Tabora aliposema ya kwao darasa zima liliomba arudie.

Vazi, huku tunatumia makuti machanga, watoto wanasuka kofia, miwani, saa ya mkononi, kikuku, mnazi hauna mchango. Nyie tumieni mgomba kama alivosema mwalimu mstaafu. Na michezo msisahau, rede, nage, mdako, kombolela, ukuti ukuti, gari za makopo. Mdako khasa, mawe kumi na kishimo, na ni hesabu tupu ile, kudaka na kutoa na kurudisha.

Mzazi_Columbus

Jambo wote. Mimi ni wa Uvira, nimekulia kambi ya Nyarugusu pale Kigoma, sasa niko na familia Columbus, Ohio, Marekani, watoto wangu wawili wako shule ya msingi huku.

Nasoma hii habari ya kitenge naona ni ile ile ya huku. Wana wiki moja wanaita ya moyo wa shule, kila siku vazi, Jumatatu pijama, Jumanne soksi zisizofanana, Jumatano rangi ya timu. Mwaka wa kwanza kijana wangu hakuwa na pijama, sisi tunalala na fulana na bukta, akakataa kwenda shule na wamama wa kwetu wengine walitoka usiku na baridi kwenda dukani kununua nguo ya kulalia ya kuvaa mchana. Siku ya soksi ndiyo aliipenda, maana soksi mbili tofauti kila mtu anazo.

Lakini kuna moja nzuri nataka nikupe mwalimu. Huku mwaka wa shule majimbo mengi ni siku 180, na siku ya 100 wanaifanyia sherehe, inaangukia kama mwezi wa 2. Watoto wa darasa la kwanza wanahesabu tangu siku ya kwanza, kila asubuhi kijiti kimoja kwenye kikopo, vikifika 10 vinafungwa na mpira vinahamia kikopo cha makumi, na siku vikifika mafungu 10 vinahamia kikopo cha mamia. Hapo mtoto anaiona 100 kwa mkono wake. Na siku hiyo kila mtoto analeta vitu 100 vya aina moja. Mwalimu wa binti yangu aliandika msinunue kitu chochote, leteni kilichoko nyumbani. Sisi tulipeleka maharage 100, yamefungwa kumi kumi kwenye vikaratasi, mwingine alileta vifungo, mwingine majani makavu. Mwalimu akamwaga yote chini wakaanza kulinganisha, mbona 100 ya maharage ni ndogo na 100 ya majani imejaa meza, na hiyo ndiyo ilikuwa hesabu ya siku nzima.

Nimesoma hapo juu habari ya vizibo nikafikiri, kama kila mtoto wako anakusanya vizibo mpaka 100, unahesabu navyo kwanza mwezi mzima, halafu vinapondwa vinakuwa njuga.

Mwl_TatuB

Shikamoo mwalimu mstaafu, na wengine wote asanteni, nimesoma usiku kucha na leo asubuhi nimeingia ofisini kwa mkuu na daftari.

Tumekubaliana hivi. Itakuwa Ijumaa, wiki ya pili baada ya kufungua, saa 2 mpaka saa 5. Hakuna vazi la kununua na mkuu mwenyewe atalisema kwenye kikao cha wazazi, kwamba mtoto akija na kitenge cha kushonesha atakivua na kuvaa mgomba kama wenzake. Mkuu bado anataka makabila, nimemweleza la kila darasa kucheza ngoma isiyo ya kwao na mtoto wa kwao kuwa mwalimu, akafikiri kidogo akasema tujaribu. Watoto wa wafugaji wamechagua wenyewe, watafundisha majina ya rangi za ng'ombe. Vitendawili vinaanza Jumatatu, na Kijana wa Kilosa, wale 23 nimewapa kazi ya kwanza kabisa kwenda kuuliza nyumbani kabla ya wengine. Siku ya 100 nimeihesabu kwenye kalenda yetu na likizo zake, inakuja karibu na kufunga muhula wa kwanza, kwa hiyo vizibo vitahesabiwa kabla ya likizo na njuga zitatengenezwa tukirudi.

Yule binti sasa yuko darasa la nne. Nimemuita leo nikamuomba msamaha, nikamwambia yeye ndiye atasimama mbele kuhesabu hatua. Akauliza atavaa nini. Nikamwambia njuga, na yeye ndiye atakayefungwa ya kwanza.

Mwalimu mstaafu nina swali, vizibo 100 kwa watoto 600 ni 60,000, hapa kijijini sivipati hivyo, na kutoboa nani atoboe?

Mstaafu_wa_Chaki

Usitafute vyote. Njuga moja haizidi vizibo 30, na si kila mtoto afunge, wachezaji 60 wanatosha, wengine manyanga na maua. Kwa hiyo unatafuta kama 1,800 vya njuga, vya kuhesabia mtoto atumie hata kokoto au punje za mahindi. Nenda Jumapili asubuhi kwenye baa na maduka ya soda kabla hawajafagia, peleka kiroba, waambie ni vya shule, watakuwekea kila wiki. Kutoboa wafanye baba zao, siku moja, msumari wa inchi 3 na kipande cha gogo chini, wazazi watakaokuja kutoboa vizibo wape na uji. Mtoto asishike nyundo peke yake. Na kabla ya kufunga mguuni pitisha kidole chako mwenyewe kwenye kila kizibo, kikikukwaruza kirudishe kwenye jiwe.